Mtambo wa gesi ukija kwenu, anza na kaunta buku

Hapa Mtwara tunasubiri mtambo wa megawati 300 wa kufua umeme kwa gesi. Wageni wakifika na ramani, swali la kwanza huwa ajira. Mimi ni mkulima wa korosho, niliwahi kupitiwa na mradi mwingine, na ningekuomba uanze kwingine.

Hesabu miti yako kabla hajafika mthamini, yule anayekadiria fidia ya mali yako. Nenda asubuhi, mti kwa mti, ukifunga kitambaa kwenye kila ulioandika ili usiurudie. Inayozaa weka kwake, michanga kwake. Kisima andika, makaburi andika. Mimi sikufanya hivyo. Mthamini alikuja jua la saa nane, nikashikishwa kibao cha namba, nikapigwa picha mbele ya nyumba, nikasaini. Usiku mwanangu akaniuliza, "Mama, ile ya bondeni kaiandika?" Mikorosho kumi na mmoja, aliyoipanda marehemu baba yangu, haikuwamo kwenye fomu. Basi usisaini mpaka ulinganishe fomu na buku lako, na uombe nakala hapohapo.

Fidia nayo haiishii kwenye ardhi na mazao. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36. Ziulizie moja moja mbele ya watu.

Sasa mtambo wenyewe. Kama ni wa hatua mbili, kama Kinyerezi II ya Dar es Salaam yenye megawati 240, gesi huchomwa na kuzungusha turbaini ya kwanza. Hewa inayotoka hapo bado ni ya moto mkali, kwa hiyo hupelekwa kuchemsha maji, na mvuke wake huzungusha turbaini nyingine. Gesi ileile inatoa umeme zaidi, na kwa hilo naunga mkono. Lakini mvuke ule lazima upozwe urudi kuwa maji. Uliza: mtaupoza kwa nini? Wakisema bahari, waulize maji ya vuguvugu yatatokea wapi, na wavuvi na akina mama wa pweza wawepo wasikie jibu. Wakisema kisima, ni lita ngapi kwa siku? Wakisema feni, kelele zake zitafika nyumba ipi?

Tathmini ya athari kwa mazingira ni takwa la sheria ya mazingira ya mwaka 2004, na muhtasari wake hutolewa kwa Kiswahili pia. Uombeni kwa mtendaji siku kadhaa kabla, mtu anayesoma vizuri awasomee wazee barazani.

Kwenye mkutano, taja jina na kitongoji chako kabla ya kuuliza, ili swali liandikwe. Na karatasi ya mahudhurio ikikufikia haina kichwa cha habari wala tarehe, irudishe waandike kwanza. Ndipo usaini.