Kijana mmisionari ukitumwa Newala: maji kwanza, mahubiri baadaye

Chumba cha uani nyumbani kwangu kina mlango wake wa nje, na kanisa liko hatua chache tu. Ndiyo maana kila kijana anayetumwa kuhudumu kwetu Newala, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, huishia kulala kwangu. Wametoka Kenya, Uganda, Kongo, mara mojamoja Uingereza. Huja na gitaa, Biblia ya zipu na karatasi ya ratiba: Jumatatu kutembelea nyumba, Jumanne semina ya vijana, Jumatano kwaya, hivyohivyo mpaka Jumapili. Karatasi hiyo huipokea kwa mikono miwili nikaiweka kabatini. Wiki ya huku hupangwa na maji, korosho na misiba. Semina yako itapata siku yake, lakini si wewe utakayeichagua.

Haya ndiyo ninayowaambia wageni wangu jioni ya kwanza wakishakula.

Kabla hujapanda basi

Ukiwa raia wa Afrika Mashariki, mpakani utagongewa muhuri bila viza, na hapo wengi hudhani wamemaliza. Muhuri ule ni wa kutembea. Anayekuja kufanya kazi ya kanisa anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na kanisa linalokupokea ndilo likusaidie kukiomba Uhamiaji. Kianze mapema, begi likiwa bado liko tupu. Huku kwetu karatasi huangaliwa sana, maana Mto Ruvuma uko karibu, ng'ambo yake ni Msumbiji, na huko, kwenye jimbo la Cabo Delgado, kumekuwa na vita tangu 2017. Mgeni asiye na kibali akikutwa njia ya mtoni, maswali yake huwa marefu. Kadi ya homa ya manjano nayo iweke pamoja na pasi.

Kutoka Dar es Salaam yapo mabasi yanayofika Newala moja kwa moja. Ukisafiri wakati wa mvua, beba maji na chakula cha kukutosha siku ya ziada. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara upande wa Kilwa, watu wakalala njiani.

Ukifika, kesho yake asubuhi katekista akupeleke kwa mwenyekiti na kwa mtendaji, viongozi wa serikali wa hapa, usaini kitabu cha wageni. Usisubiri uitwe. Na kila aliyekuzidi umri, shikamoo, hata kama yuko juu ya mkorosho. Vijana wa Kenya hili huwa zito kwao wiki ya kwanza, kisha hulizoea mpaka wananiamkia mara tatu kwa siku.

Maji

Newala iko juu, maji yako chini. Ardhi yetu ni mchanga, mvua ikinyesha inazama, na huku juu hakuna mto. Maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka bondeni, huja kwa mgao, na umeme ukikatika hayapandi. Kwa hiyo mwenye paa la bati huchimba kisima cha kuvunia mvua: shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, mfuniko juu, kufuli juu ya mfuniko. Ufunguo hukaa kwa mama mwenye nyumba. Usiuombe.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Kilichoingia kisimani kufikia Aprili ndicho hichohicho mpaka mawingu ya mwaka unaofuata. Ikifika Septemba utaanza kuona baiskeli zenye madumu zikipita alfajiri, na bei ya dumu itakuwa habari kubwa kuliko mpira.

Mtu mmoja anaweza kuishi vizuri kwa dumu moja la lita 20 kwa siku, akiwa na akili. Gawa hivi. Ya kunywa yatoke kwanza, yachemshwe, yachujwe kwa kitambaa safi, yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Ya kuoga hayazidi nusu ndoo: simama ndani ya beseni pana, oga kwa kikombe, jipake sabuni ukiwa umeacha kumwaga, ndipo ujisuuze. Yaliyobaki kwenye beseni usiyamwage, ni ya chooni. Nguo fua mara moja kwa wiki, nyeupe zikitangulia. Povu la nguo nyeupe ndilo la kuloweka nguo nyeusi, na maji ya kusuuzia yanakwenda kwenye mpapai. Nywele ndefu, binti yangu, suka kabla ya kuja.

Kazi moja ninawaachia wageni kabisa, nayo ni ya usiku. Mvua ya kwanza ikianza kugonga bati, amka ukageuze bomba la mfereji ili maji yamwagike nje. Bati limekaa miezi bila kuoshwa, lina vumbi, majani, kinyesi cha ndege na unga wa salfa uliopeperuka kutoka kwenye mikorosho. Acha mvua mbili tatu zilioshe, ndipo urudishe bomba kisimani. Ukilala usingizi ukaliacha, nyumba nzima itakunywa usingizi wako hadi Aprili.

Kijana mmoja alituhubiria Yohana sura ya 4, mwanamke Msamaria na kisima, akatuambia tufumbe macho tujaribu kuwaza kiu. Ilikuwa Oktoba. Akina mama wa viti vya nyuma walitazamana wakaziba midomo kwa kanga. Mwingine aliyemfuata alihubiri maneno hayohayo mwezi uleule, lakini huyu watu walikuwa wamemwona akisukuma baiskeli ya jirani yenye madumu manne kupandisha mlima wa mchanga, viatu mkononi. Alisikilizwa kimya.

Kanisani

Mwanglikana wa Kenya au Uganda hushtuka Jumapili ya kwanza. Makanisa yenu yalianzishwa na CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana. Sisi tulianzishwa na UMCA, chama cha wamisionari kilichozaliwa baada ya Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, na hao walipenda ibada ya uvumba na kengele. Askofu Edward Steere alifika Masasi mwaka 1876 akiwa na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakajenga kijiji hapo. Kwa hiyo kwetu ni Misa, ni padri, ni maungamo, na Bikira Maria hatumwonei haya. Kaa kiti cha nyuma, piga magoti jirani yako akipiga. Na tafadhali usiulize kama tumekuwa Wakatoliki. Wakatoliki wapo, wana abasia yao kule Ndanda, walikofika Wabenediktini mwaka 1906, na hospitali yao imewatibu wagonjwa wengi wa huku juu, wakiwemo wageni wangu.

Utasikia ngoma za jando na unyago. Usipige picha, usiombe kuingia, na usiandae somo la kukemea. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926, aliona ni heri kanisa liwe ndani ya jando kuliko kusimama nje likipiga kelele, akaliwekea sala na mapadri. Wapo mpaka leo wanaobishana kama alifanya vyema. Huo ni ubishi wa wenyeji. Ukialikwa siku ya kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando au unyago, nenda na sabuni au kanga, kula, cheza kidogo, rudi nyumbani.

Kaka yangu, tumbo moja, ni Mwislamu. Ijumaa yake, Jumapili yangu, Idi na Krismasi sufuria ni moja. Nyumba nyingi huku ziko hivyo. Kwa hiyo kuku hapa huchinjwa na jirani Mwislamu, ili yeyote atakayebisha hodi aweze kula. Usichukue kisu ukachinja mwenyewe kwa nia ya kusaidia, utafanya nusu ya ukoo washindie mboga. Ramadhani usile barabarani, na jioni peleka chochote kwa jirani cha kuongezea futari, hata mihogo.

Korosho

Juni hadi Agosti watu wanapulizia mikorosho, harufu ya salfa iko kila mahali, basi nguo anika ndani. Kuanzia Septemba wanaokota. Oktoba minada inaanza. Kijana aliyeitisha semina ya saa tatu asubuhi Oktoba alihubiria benchi na mbuzi wa mzee wa kanisa. Wakati huo wewe ndiye uende shambani. Utaonyeshwa: korosho inanyongolewa kutoka kwenye bibo, tunda lake, inaanikwa juani, inachambuliwa, inaingia guniani. Usiitafune mbichi wala kuipasua kwa meno, ganda lina mafuta yanayounguza midomo na vidole. Vaa nguo chakavu, doa la bibo halitoki kwa sabuni yoyote.

Utakaribishwa maji ya mabibo. Uliza yalikamuliwa lini. Ya asubuhi hii ni juisi, kunywa. Ya jana ni uraka, pombe, na padri atasikia.

Sasa jambo ambalo wageni hawalijui, na linaweza kukuharibia jina. Korosho ghafi huuzwa kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa hapa, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika, kwetu ni TANECU. Mwenye shida huku nyuma hushawishika kuuza kwa siri kwa bei ya kutupa, tena wakati mwingine korosho zikiwa bado maua. Hiyo tunaiita kangomba, na inakatazwa. Mama mjane akija kwako Julai akuombe fedha, akuahidi gunia msimu ukifika, huruma yako itakuwa imekufanya mnunuzi wa kangomba bila kujua. Ukitaka kumpa, mpa, yaishe. Gunia usilipokee. Korosho zinazotolewa sadaka mezani pa Bwana ni za mhazini, yeye anajua pa kuzipeleka.

Malipo ya mnada yakishaingia benki, utaona bati mpya, pikipiki, harusi na ngoma. Michango ya ujenzi wa kanisa iombwe hapo. Februari usitaje mchango wowote, watu wanapalilia na ghala limebaki vumbi.

Msiba

Ukisikia msiba, acha ulichoshika. Kijana wa kiume nenda moja kwa moja wanapochimba kaburi, pokea jembe kwa aliyechoka. Binti vaa kanga mbili, chukua ndoo ya maji kichwani uingie nayo uani kwa wafiwa. Kwa mahali kama hapa ndoo hiyo ni mchango mkubwa kuliko noti, na watakaokuona umeibeba watakujua kwa jina kabla ya jua kuzama. Kisha kaa mkekani na wenzako, menya, osha, pepeta. Kuongea si lazima.

Rambirambi inaandikwa kwenye daftari pamoja na jina. Toa kiasi ambacho kijana wa hapa angetoa. Ukitoa nyingi unawaaibisha, na msiba ujao watakungojea wewe.

Gitaa libaki nyumbani. Neno usitoe mpaka padri akuite. Watani, wale wenye ruhusa ya kututania hata msibani, watakuja, watafanya vituko, atatokea mtu wa kulala kaburini akidai alipwe ndipo atoke. Usikimbilie kumkemea pepo. Ni kazi yake, na wafiwa wenyewe utawaona wanatabasamu. Kama marehemu ni Mwislamu, mazishi huwa siku hiyohiyo na wanawake hawaendi makaburini. Kijana wa kiume anaweza kufuata jeneza na kusimama kwa heshima pembeni.

Yaliyobaki

Chakula ni ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, samaki wa kukaanga akipatikana, na ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha msimu wake ukifika. Unapewa wa kwanza kwa sababu wewe ni mgeni. Baada ya wiki chache nitaacha, ujue umekuwa wa nyumbani.

Homa ikikushika, kapime malaria siku hiyohiyo, na dawa mseto umalize hata ukijisikia mzima. Maombi tutayafanya ukiwa umeshakunywa dozi. Chandarua kila usiku, kiangazi na masika.

Fedha utaombwa. Jibu zuri ni "ngoja nimuulize mama." Mimi nimezoea kuwa mbaya, wala hainiumizi. Wageni wa kike wa kijana wa kiume, na wa kiume wa binti, mwisho wao barazani, mlango wa nje wa chumba usiwape mawazo.

Upweke huja zaidi Machi, njia zikiwa tope na mtandao ukisuasua. Usijifungie chumbani. Njoo jikoni, kuna mbaazi za kuchambua, na mimi maneno hayaniishi.

Siku ya kuondoka, rudi kwa mwenyekiti ukaage, halafu kwa wale uliozika nao. Usiahidi kisima, wala darasa, wala kurudi Krismasi. Korosho zilizobanguliwa za zawadi beba, nitakufungia mwenyewe. Ghafi usibebe hata mfuko mmoja, watakushusha kizuizini na basi litakuacha.