Kulinda moyo na sukari ukiwa na ugonjwa wa kurithi wa adrenali

Aliyezaliwa na upungufu mkali wa 21-haidroksilesi, kimeng'enya ambacho tezi za adrenali zilizo juu ya figo hukitumia kutengeneza homoni ya kotisoli, humeza dawa za steroidi maisha yote. Dawa ikipungua, homoni za kiume hupanda; ikizidi, tumbo, presha na sukari ndivyo vinavyopanda. Kwa hiyo ukiona unanenepa, usikimbilie kulaumu ugali. Anza na vidonge.

Kwa wiki mbili, andika kila kidonge na saa yake. Haidrokotisoni kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara 2 au 3. Prednisoloni miligramu 5 ni kama 20 za haidrokotisoni; anayemeza 10 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani yuko kwenye 40. Daftari hilo mpelekee daktari. Usijipunguzie mwenyewe: kuacha ghafla kunaua.

Presha ipime nyumbani. Kaa kimya dakika 5, miguu sakafuni, mkono usiofunikwa na nguo usawa wa moyo, upime mara mbili. Kisha simama, upime baada ya dakika 1 na tena ya 3. Presha ikiwa juu huku vipimo vya damu vikionyesha potasiamu na renini (kemikali ya figo) ziko chini, shuku imezidi fludrokotisoni, yaani steroidi ya kubakiza chumvi mwilini. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi unaposimama, nawe unatamani chumvi, huenda haitoshi. Anayekuandikia dawa ya presha ajue unatumia fludrokotisoni, maana spironolaktoni, mojawapo ya dawa za presha, huizuia kufanya kazi.

Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 160, mwisho 80.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula hudanganya, hasa kwa anayemeza prednisoloni asubuhi, kwani hupanda mchana. Pima saa mbili baada ya chakula cha mchana. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache.

Homa ikivuka nyuzi 38, dozi ya haidrokotisoni huongezwa mara mbili au tatu. Ukitapika vidonge, ni sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 kwa mtu mzima, kisha hospitali. Rifampisini ya kifua kikuu nayo humaliza haidrokotisoni haraka mwilini, hivyo daktari huenda akapandisha dozi. Shida huja baadaye: malaria imepona, TB imekwisha, dozi imebaki kule juu kwa miezi. Siku unapoongeza, andika papo hapo kwenye boksi la dawa tarehe ya kurudi kwenye dozi ya kawaida.