Jinsi ya Kununua na Kutunza Shoveli Ndogo ya Minyororo Iliyotumika kwa Kazi za Ranchi

Mnunuzi anayeingia kwenye yadi ya mitambo iliyotumika hapa Mombasa kwa kawaida huanza kwa kuomba mashine iwashwe, akasimama kando na kuusikiliza mngurumo wa injini kana kwamba siri yote imo humo. Ningemshauri atandike gunia, alale chini na aanze na minyororo. Katika shoveli ndogo ya minyororo ya mpira, ambayo watu wengi huiita bobcat hata kama imetoka kwa kampuni nyingine, gharama kubwa ya kuimiliki hukaa chini ya fremu, na injini yenye sauti tamu haiwezi kukulipia minyororo miwili mipya, rola (magurudumu madogo yanayoubeba mnyororo) na sproketi (gurudumu la meno linaloukokota).

Kabla ya hapo, mwenye ranchi ajiulize kama anaihitaji kweli. Mashine hii ina uzito wa takriban tani tatu na nusu hadi tani tano na nusu, na kwa kuwa uzito huo unatandazwa juu ya minyororo mipana, hupita kwenye tope ambalo shoveli ndogo ya magurudumu hukwama, na tena haiogopi miiba ya migunga ambayo hutoboa tairi kila wiki katika nyika ya Taita Taveta na Kwale ya ndani. Hufyeka vichaka kwenye mstari wa ua, huhamisha samadi ya zizi, hubeba marobota ya nyasi, husawazisha njia za murram na, ikifungwa keekee, huchimba mashimo ya nguzo kwa kasi ambayo vibarua kumi hawaifikii. Hata hivyo, ikiwa kazi yako kubwa ni kuchimba bwawa moja la kunyweshea ng'ombe kabla ya masika, kodi ekskaveta kwa siku chache na uweke fedha zako. Na ikiwa mashine itatumia muda mwingi kutembea kilomita kadhaa juu ya barabara ngumu kutoka boma moja hadi jingine, trekta yenye ndoo ya mbele itakufaa zaidi, kwa sababu barabara ngumu hula mpira bila kukuachia kazi yoyote ya maana.

Katika kulinganisha ukubwa, kuna mtego unaowanasa wengi. Uwezo wa kubeba unaoandikwa kwenye karatasi za shoveli ya magurudumu ni asilimia 50 ya uzito unaoweza kuipindua mashine, ilhali kwa shoveli ya minyororo kawaida huwa ni asilimia 35. Kwa hiyo mashine mbili zenye namba zinazofanana hazina nguvu sawa, na wauzaji wengine huandika ile ya asilimia 50 kwa mashine ya minyororo ili ionekane kubwa. Omba uzito wenyewe wa kupinduka, kisha upige hesabu mwenyewe. Vivyo hivyo, usilipie mfumo wa haidroliki (ule wa oili iliyogandamizwa inayoendesha vifaa) wa mtiririko mkubwa, yaani unaozidi lita 100 kwa dakika, ikiwa vifaa utakavyofunga ni ndoo, uma wa kubebea na keekee. Mtiririko wa kawaida unavitosha. Mtiririko mkubwa ni wa mashine za kusaga miti na vifaa vya namna hiyo, na pampu yake ni mzigo wa ziada siku itakapochoka.

Kuhusu chapa, Bobcat, Caterpillar, Kubota na Takeuchi zote zimetengeneza mashine zinazostahimili. Swali la maana kwa mtu wa Pwani ni spea. Andika modeli na namba ya chasi, kisha uulize kwa wauza spea wa Mombasa na Nairobi bei ya mnyororo mmoja, rola moja, sproketi moja na mota ya mwendo inayozungusha mnyororo, pamoja na muda wa kungoja kama haipo. Ukijibiwa kwamba kila kitu huagizwa ng'ambo, ongeza kwenye bei ya mashine wiki ambazo itasimama chini ya mti ikingoja meli.

Sasa rudi chini ya fremu. Tazama upande wa ndani wa mnyororo, penye meno ya mpira yanayoshikwa na sproketi: yakiwa yamechanika shinani au yamelika upande mmoja, mnyororo huo umekaribia mwisho hata kama kashata za nje bado ni nene. Tafuta mipasuko ambayo nyuzi za chuma zilizomo ndani ya mpira zimechomoza. Katika hewa yetu ya chumvi nyuzi hizo hushika kutu upesi, kutu ikatambaa ndani ya mpira pasipoonekana, na siku moja mnyororo hukatika katikati ya kazi. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka au yamejikunja kama ndoana, ujue kwamba kufunga minyororo mipya juu yake ni kuitafunisha; vitu hivi hubadilishwa pamoja. Kisha mwombe muuzaji anyanyue mashine upande mmoja kwa jeki na vigingi imara, uzungushe kila rola kwa mkono. Rola inayokwaruza, inayocheza kushoto na kulia au iliyoachia alama ya oili pembeni imekwisha. Mwisho, angalia silinda ya grisi inayokaza mnyororo: ikiwa imesukumwa hadi mwisho wake, mnyororo umetanuka na hakuna nafasi ya kuukaza tena. Muda unaotajwa mara nyingi kwa seti ya minyororo ni saa 1,200 hadi 1,600 za kazi, lakini jiwe la matumbawe la ukanda wa bahari hupunguza sana idadi hiyo, kwa kuwa kingo zake hukata mpira kama msasa wenye meno.

Ndiyo maana ni lazima uulize mashine ilikuwa ikifanya kazi gani. Iliyokuwa shambani au kwenye ujenzi wa nyumba ni tofauti na iliyokuwa ikikusanya mbolea au klinka (malighafi ya saruji) ndani ya matumbo ya meli, au iliyosukuma chumvi. Chumvi na mbolea hujificha. Rangi mpya inayong'aa, hasa nyeusi iliyopuliziwa juu ya rola na mabomba, hunitia shaka kuliko kutu ya wazi, kwa maana kutu ya wazi angalau haisemi uongo. Fungua kifuniko cha fyuzi, chomoa soketi mbili tatu za nyaya na utazame vijiti vyake: ukiona ukungu wa kijani, tegemea hitilafu za umeme zinazokuja na kuondoka, ambazo fundi atazitafuta kwa siku tatu na kukulipisha zote.

Saa zinazoonyeshwa kwenye geji zilinganishwe na mwili wa mashine. Saa 1,500 haziendani na kiti kilichochanika hadi sponji, vijiti vya kuongozea vilivyolainika kwa mikono na pini za mikono ya kunyanyulia zinazolegalega ndani ya bushi. Tikisa ndoo juu na chini ikiwa imeachia ardhi kidogo tu. Mlegeo mdogo ni wa umri, ila ukisikia chuma kikigonga chuma, jua kwamba bushi na huenda matundu yenyewe yatahitaji kuchongwa upya. Hakikisha pia kabari mbili zinazoshikilia ndoo zinashuka hadi chini na kukaza.

Injini iguswe kwa mkono kabla ya kuwashwa. Ukiikuta ina joto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika mara nyingi inafichwa ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu usiokoma unaonyesha oili inaungua. Mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata joto unaweza kuwa wa maji au dizeli isiyoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu: upepo mwingi unaopuliza kutoka humo ni dalili ya pistoni na ringi zilizochoka. Jambo moja zaidi, ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kulipa, ni kichujio cha masizi kilichomo kwenye ekzosi ya mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani katika miaka ya 2010. Injini hizo zilisanifiwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ilhali kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 kiliruhusu hadi sehemu 50, kwa hiyo kichujio kinaweza kukusumbua. Kwa kazi ya ranchi ningechagua mashine ya zamani kidogo yenye injini sahili, na nisingenunua ile ambayo kichujio chake kimekatwa na kompyuta kudanganywa mpaka fundi aliyeifanya kazi hiyo aje mwenyewe kunieleza alichokigusa.

Mfumo wa haidroliki haupimwi ukiwa baridi. Endesha mashine kwa nusu saa au zaidi, jaza ndoo mchanga, panda mteremko, zunguka kushoto na kulia papo hapo mara moja moja. Ikiwa ilikuwa na nguvu mwanzoni na sasa inasita, pampu au mota zimechoka. Ikienda upande mmoja wakati vijiti vimesukumwa sawasawa, linganisha kwanza mkazo wa minyororo miwili, na ukiwa sawa, mota au pampu ya upande mmoja ni dhaifu. Mimi nililipia somo hili. Niliinunua mashine kutoka yadi moja ambayo sitaitaja, ikavuta vizuri kwa dakika kumi za majaribio, na mwezi wa pili ikiwa kazini mota ya mwendo ya kulia ikapasua sili na kumwaga oili yote. Fundi alipofungua, alikuta kichujio kidogo cha bomba linalorudisha oili kutoka kwenye mota kimejaa vumbi la chuma. Mota ya zamani ilikuwa imekufa, ikabadilishwa bila kichujio hicho kusafishwa, na mgandamizo uliokosa njia ukaisukuma nje sili ya mota mpya. Tangu siku hiyo, kichujio hicho ndicho cha kwanza ninachoomba kifunguliwe.

Kwa upande wa karatasi, mashine iliyokwisha kusajiliwa nchini huwa na namba inayoanza na KH na kitabu chake, na umiliki huhamishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Namba ya chasi kwenye kibati ifanane na ile iliyo kwenye kitabu. Ikiwa ndiyo kwanza imeshushwa bandarini Kilindini, omba nyaraka za forodha na uthibitisho wa malipo ya kodi kabla ya kutoa amana. Siku ya kuisafirisha, ifungwe kwa minyororo ya chuma pembe zote nne na ndoo ikilala sakafuni mwa trela. Safari ni ndefu: kutoka Mombasa hadi Voi pekee ni zaidi ya kilomita 150.

Ikifika ranchini, utunzaji wake hauna ajabu ila unataka mtu mmoja anayewajibika. Mashine inayoendeshwa na kila kijana aliyepo haina mwenyewe. Asubuhi, kabla ya kuwasha, opereta apime oili ya injini, oili ya haidroliki na maji ya radieta, aondoe maji kwenye kichujio cha dizeli, na apake grisi kwenye pini zote hadi grisi chafu itoke. Jioni, na hapa ndipo watu wengi huzembea, aondoe udongo kwenye rola na sproketi ukiwa bado mbichi. Udongo mwekundu wa nyikani ukikauka huko usiku kucha huwa kama tofali, rola haizunguki asubuhi, na mnyororo unaopita juu ya rola iliyoganda huikwangua upande mmoja mpaka inakuwa bapa. Aondoe pia nyasi kavu na vijiti karibu na ekzosi na chini ya injini, maana moto mwingi wa mashine hizi huanzia hapo. Radieta ipulizwe hewa kutoka ndani kwenda nje, kwa upole, ili mapezi yasilale.

Mkazo wa mnyororo upimwe kila wiki mashine ikiwa imenyanyuliwa, kwa kuangalia pengo kati ya rola ya katikati na mnyororo, na kipimo chenyewe kifuatwe kama kilivyo kwenye kitabu cha modeli yako. Ukilegea, mnyororo hutoka. Ukikazwa kupita kiasi, hula beringi na kuiba nguvu za mota. Anayelegeza valvu ya grisi ya silinda ile asiweke uso wala mkono mbele yake, na asiifungue yote, kwa kuwa grisi iliyogandamizwa hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Uendeshaji nao ni sehemu ya matengenezo. Mzunguko wa papo hapo juu ya mawe huchana meno ya mpira. Opereta ajizoeze kugeuka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo, apande mteremko moja kwa moja badala ya kuupita ubavuni, na asiache ukingo wa mnyororo ukipanda juu ya visiki. Swichi ya kiti na ile ya chuma cha kujizuia kinachoshuka mbele ya opereta zisipitishwe waya wa kuzikwepa, na hakuna mtu atakayeingia chini ya mikono iliyonyanyuliwa bila kuweka kwanza kizuizi chake cha chuma.

Mafuta ya injini hubadilishwa kila saa 250 kwa modeli nyingi, vichujio vya haidroliki karibu kila saa 500, na oili ya haidroliki yenyewe karibu kila saa 1,000, lakini kwa vumbi la ranchi za Taita kichujio cha hewa hakingoji kalenda. Kile cha nje kibadilishwe taa au kiashiria kinapoonyesha. Kile cha ndani hakisafishwi, hutupwa. Dizeli ihifadhiwe kwenye mapipa yaliyoinuliwa, ikae siku nzima kabla ya kuvutwa, na bomba la kuvutia lisifike sakafuni mwa pipa. Tangi lijazwe jioni ili unyevu usigande ndani. Na mashine inayorudi Mombasa kwa matengenezo, hata ikikaa wiki moja tu karibu na bahari, ioshwe kwa maji matamu, soketi za nyaya zipakwe grisi ya umeme, na iegeshwe ndoo ikiwa chini, fimbo za silinda zikiwa zimerudi ndani ili chumvi isipate mahali pa kung'ata.