Somo: Namna ya kukagua msimamo wa ligi kwa tofauti ya magoli

Wakuu, kila msimu ukianza swali ni lile lile: timu ilimaliza ya tatu, mbona sasa inaporomoka? Nimelijibu hadi nimechoka. Leo naweka hesabu nzima, kila mtu aifanye mwenyewe.

Ushindi wa 1-0 na wa 6-0 yote ni pointi 3. Timu inayojikusanyia pointi kwa goli moja moja inategemea pia bahati, na bahati haisajiliwi kwa mkataba. Magoli ya kufunga na kufungwa yanaonyesha uwezo vizuri zaidi. Tutatumia Ligi Kuu ya Uingereza 2022-23.

1. Pakua faili la msimu (E0) kutoka football-data.co.uk. Ni bure.

2. Bakiza kolamu za Date, HomeTeam, AwayTeam, FTHG (magoli ya timu ya nyumbani) na FTAG (magoli ya timu ya ugenini). Nyingine futa.

3. Tarehe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote bila kujua. Faili limeandikwa siku/mwezi/mwaka. Kompyuta ikiwa na mpangilio wa Kimarekani, Excel haitalalamika: 05/08/2022, siku Arsenal walipofungua msimu kwa kuwachapa Crystal Palace 2-0, itasomeka Mei 8. Na kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, 13/08/2022 itabaki maandishi matupu. Ukipanga mechi kwa tarehe, Agosti inaingia kabla ya msimu kuanza, na hatua ya 7 itakupa jibu lenye sura nzuri lakini la uongo. Kwa hiyo USIFUNGUE faili kwa kubofya mara mbili. Liingize kupitia menyu ya Data na uchague DMY. Kisha hakikisha mechi ya kwanza ni Agosti 5 na za mwisho ni Mei 28. Tarehe iliyojibana kushoto mwa kisanduku ni maandishi, irekebishe.

4. Kwa kila mechi ongeza kolamu mbili za pointi (3, 1 au 0), ya nyumbani na ya ugenini. Kisha kwa kila timu pata magoli ya kufunga, ya kufungwa, tofauti yake (kufunga toa kufungwa) na pointi. SUMIFS inatosha.

5. Sasa tafuta mstari unaounganisha tofauti na pointi: andika =SLOPE(pointi, tofauti), yaani mteremko wake, na =INTERCEPT(pointi, tofauti), yaani pointi za timu yenye tofauti sifuri. Pointi zinatangulia, ukigeuza umeharibu. Utapata namba zinazokaribia 0.65 na 52. Hiyo 52 ni pointi za timu ya wastani: robo hivi ya mechi zikiwa sare, kila timu hupata wastani wa 1.375 kwa mechi, mara 38.

6. Pointi tarajiwa = 52 + 0.65 × tofauti. Manchester United walifunga 58 na kufungwa 43, tofauti +15, kwa hiyo 62 hivi. Walipata 75 na kumaliza wa tatu. Newcastle, wa nne, walikuwa na +35: tarajiwa 75, halisi 71. Kwa hesabu hii, kati ya hizo mbili Newcastle ndio waliokuwa timu bora.

7. Jaribu kama kweli inatabiri. Chukua mechi 19 za kwanza za KILA timu, kisha utafute CORREL (kipimo cha namba mbili zinavyokwenda pamoja) ya tofauti yake na pointi za mechi 19 za mwisho. Rudia kwa kutumia pointi za nusu ya kwanza badala ya tofauti; yenye CORREL kubwa ndiyo inayotabiri vizuri zaidi. Usilinganishe na pointi za mwisho wa msimu, maana pointi za nusu ya kwanza zimo humo tayari. Hapo unajipima kwa rula uliyoichora mwenyewe. Usigawe kwa tarehe pia: Septemba 2022 mechi ziliahirishwa baada ya kifo cha Malkia Elizabeth, kwa hiyo timu hazikwenda sawa. Na timu 20 ni chache, fanya misimu kadhaa kabla ya kutangaza lolote.

MASWALI

Mdau: Mkuu tupe mkeka wa wikendi basi.
Jibu: Sitoi mkeka.

Mdau: Hiyo 52 umeitoa wapi?
Jibu: Hatua ya 5.

Mdau wa Mombasa: Kwa hivyo wasema ubingwa wa Liverpool 2020 ulikuwa bahati?
Jibu: Sijaandika hivyo popote. Pointi 99 ni zao na kombe ni lao. Nasema tofauti yao, +52, inatoa 86 hivi, na ya Manchester City, +67, inatoa 96 hivi. Msimu uliofuata Liverpool walipata 69, City 86. Ila Van Dijk, beki wa Liverpool, naye aliumia Oktoba 2020, usiibebeshe hesabu mzigo wote.

Mdau: Nimefuatilia 2023-24. Newcastle nao walishuka, wakafungana na United kwa pointi 60. Mstari umekosea?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Angalia tofauti tena: Newcastle +23, United -1. Tarajiwa ni 67 na 51. United waliupita mstari kwa mwaka wa pili mfululizo. Sasa tazama 2024-25: Newcastle wa tano kwa pointi 66, United wa 15 kwa 42. Mstari hautaji mwaka wa kuanguka. Majeruhi, makocha na usajili hauvioni kabisa.

Mdau wa Mbeya: Kwa ligi yetu ya Bara je?
Jibu: Inafaa, lakini usinakili 52. Timu 16, mechi 30: 1.375 × 30 ni 41 hivi. Kenya, timu 18 na mechi 34, ni 47 hivi. Ligi yenye sare nyingi, namba inashuka. Ukikosa faili, andika matokeo kwa mkono. Ni mechi 240, jioni chache tu. Ukimaliza lilete hapa, nitalikagua nawe.

Mdau wa Minnesota: Na NBA?
Jibu: Huko tumia kanuni ya Bill James ya besiboli, ambayo Daryl Morey aliileta kwenye kikapu. Gawa wastani wa pointi unazofunga kwa unazofungwa, upandishe kwa kipeo cha 14, kisha ugawe jibu hilo kwa lenyewe jumlisha 1. Timu ya 110 kwa 105 inapata 0.657, yaani ushindi 54 hivi katika mechi 82.

Mdau wa Mbeya: Nimeanza kuandika matokeo. Mechi ya ushindi wa mezani niiweke?
Jibu: Iondoe kwenye magoli. Hayo mabao 3 hakuna aliyeyafunga.