Bandika programu kabla ya kumpa mtu simu

Shemeji yangu kaomba simu kwenye kivuko cha Kamanga aangalie matokeo ya mpira. Tunafika ng'ambo, keshasoma meseji zangu za kikoba. Siku hizi nabandika programu kwanza, yaani naifungia simu kwenye programu moja tu. Kwenye Android ingia mipangilio, sehemu ya usalama, washa kubandika programu, na uwashe pia ile ya kudai namba ya siri mtu anapotaka kutoka. Kisha fungua anachotaka kuona, nenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi, gusa ikoni yake juu, chagua alama ya pini. Mpe. Simu inabaki hapo hapo. Akijaribu kutoka inamdai namba, na taarifa za meseji mpya hazishuki juu ya kioo. Kwenye iPhone kuna kitu kama hicho upande wa mipangilio ya ufikivu (Accessibility).

Ila ukibandika WhatsApp yenyewe hujafanya kitu, atasoma humo humo mpaka achoke. Picha nazo hivyo hivyo, kidole kinateleza tu. Na kama namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa mtoto, shemeji anaijua.