Kioo cha umeme kimegoma: pima mlangoni kabla ya kununua mota

Mota ya kioo hulaumiwa kuliko inavyostahili. Kioo kikigoma, mtu anakwenda moja kwa moja kwenye duka la spea, ananunua mota ya mtumba, anaifunga, na kioo bado kimelala. Kwenye magari yaliyotumika yanayotoka Japani, chunguza kwanza swichi ya dereva na waya zinazopita kati ya mlango na bodi. Kuna kipimo kimoja, kinachofanyika kwenye soketi ya mota, ambacho kinaamua upande wa kutafuta: umeme unafika au haufiki. Hadi ukifanye, hujajua unanunua nini.

Maelezo haya ni ya mfumo wa kawaida, ule ambao mota ina waya 2 tu. Waya hizo hazina chanya na hasi ya kudumu. Swichi ikiwa haijaguswa, zote mbili zimelala kwenye erthi, yaani upande wa hasi ya betri. Ukibonyeza kupandisha, mmoja unapata volti 12 na mwingine unabaki erthi. Ukibonyeza kushusha, zinabadilishana. Shika hilo vizuri, kwa sababu karibu kila hitilafu ya umeme wa vioo inaeleweka kutokana nalo. Ukikuta soketi ya mota ina waya 6 au zaidi, ndani ya mota mna kompyuta ndogo. Mota hiyo usiipe umeme wa betri moja kwa moja bila mchoro wa waya.

Andaa multimita, bisibisi ya nyota, spana namba 10, kipande cha plastiki bapa cha kung'olea klipu, tepu ya karatasi, na taa ya kupimia. Taa iwe ya balbu ya wati 21, kama ya indiketa, iliyounganishwa waya mbili. Multimita peke yake inaweza kukudanganya: waya uliokatika nyuzi karibu zote ukabaki na moja bado utaonyesha volti 12, lakini hauna nguvu ya kuzungusha mota. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, kwa hiyo waya mbovu unaumbuka palepale kwa mwanga hafifu.

Kabla ya kufungua chochote

Hakikisha kitufe cha kufungia vioo kwenye swichi ya dereva hakijabonyezwa. Inaonekana ni utani, ila ndicho chanzo cha safari nyingi za bure gereji. Kisha angalia vioo vingapi vimegoma. Vikigoma vyote kwa pamoja, acha milango. Nenda kwenye fyuzi na rilei. Kwenye Toyota tafuta fyuzi zenye maandishi kama POWER au P/W, na mara nyingine mlango wa dereva una fyuzi yake. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile. Fyuzi kubwa zaidi haitibu kitu. Inahamisha tu moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya. Ikiungua tena mara tu unapobonyeza, kuna waya unaogusa bodi au mota imeshoti.

Kikigoma kimoja, washa taa ya ndani usiku au mahali penye kivuli, weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, kisha bonyeza swichi huku ukiitazama taa. Taa ikififia kidogo, umeme unakwenda hadi kwenye mota na kitu kimekwama: mota, mashine ya kioo (mikono au kebo zinazokipandisha na kukishusha), au kioo chenyewe. Taa isipobadilika kabisa, njia ya umeme imekatika mahali.

Tega sikio pia. Mota ikivuma na kioo kisisogee, umeme hauna kosa. Kebo imekatika, meno yameisha, au kioo kimechomoka kwenye kishikio chake. Ukisikia tak moja tu kisha kimya, mota imekwama au inapata umeme dhaifu.

Mlango wa abiria una siri yake

Kioo cha abiria kina swichi mbili: ya kwenye mlango wake na ya kwa dereva. Wengi hudhani zinafanya kazi kila moja kivyake. Sivyo. Kwenye mfumo wa kawaida, swichi ya abiria inapata erthi yake kupitia swichi ya dereva, kwa waya 2 zinazovuka kutoka mlango hadi mlango. Ndiyo maana swichi ya dereva ikiharibika inaweza kuua kioo ambacho hata hakiko upande wake, na ndiyo maana kuichomoa kabisa kunaua vioo vyote.

Jaribu kioo hicho kwa swichi zote mbili, kupanda na kushuka, uandike majibu manne. Kikikubali kote kwa dereva lakini kikikataa kote kwa abiria, swichi ya abiria haipati umeme wake wa kudumu, au imekufa. Kikikubali kwa abiria kote na kukataa kwa dereva, fungua swichi ya dereva. Jibu la kuvutia zaidi ni hili: kwa abiria kinakubali upande mmoja tu, na kwa dereva hakikubali upande wowote. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mmoja wa waya zile 2 zinazovuka. Umekatika, na mara nyingi umekatikia ndani ya mpira ulio kati ya mlango na nguzo ya bodi.

Kwenye mlango wa dereva hesabu ni fupi zaidi. Kioo kikishuka vizuri na kisipande kabisa, bila hata mota kujaribu, mota na waya zake mbili hazina hatia, kwa kuwa pande zote zinatumia waya zilezile. Kosa liko ndani ya swichi.

Kufungua paneli ya mlango

Kama kioo bado kinasogea, kipandishe hadi juu kwanza. Skrubu za paneli hujificha: moja nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia mlango chini ya kifuniko kidogo, wakati mwingine na ya tatu pembeni. Ukishazitoa, ingiza plastiki bapa kuanzia kona ya chini, ng'oa klipu moja baada ya nyingine, kisha inua paneli kwenda juu. Ikikataa, kuna skrubu umeisahau. Usivute kwa hasira. Kwa gari lenye eabegi za pembeni, zima ufunguo kabla ya kuchomoa soketi yoyote mlangoni, na usiwashe ON hadi urudishe soketi za vihisi vya eabegi.

Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Ibandue taratibu kwa wembe bila kuichana, kwani ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayopita mlangoni yasiingie ndani ya gari.

Kipimo chenyewe

Chomoa soketi ya mota. Gusisha waya mbili za taa ya kupimia kwenye tundu mbili za soketi, weka ufunguo ON, kisha mtu abonyeze kupandisha, halafu kushusha. Taa lazima iwake kwa nguvu mara zote mbili. Ikiwaka hivyo, rudisha paneli ya swichi, maana kosa liko kwa mota au mashine ya kioo.

Isipowaka, tafuta kama kinachokosekana ni umeme au erthi. Unganisha mguu mmoja wa taa kwenye chanya ya betri, na mwingine gusisha tundu moja moja za soketi bila kubonyeza swichi. Zote mbili ziwashe taa. Ikikataa moja, njia ya erthi ya waya huo imekatika au mguso wake ndani ya swichi umeungua.

Kuna hali ya tatu inayosumbua zaidi, kioo kinachopanda kwa kuchoka. Hapa soketi irudi kwenye mota, injini ikiwa inawaka, na upime kwa nyuma ya soketi wakati kioo kinapanda. Unatarajia volti 12 au zaidi kati ya waya mbili za mota. Ukikuta 8 au 9, volti zinapotea njiani. Pima kutoka hasi ya betri hadi waya wa mota ulio upande wa erthi huku swichi ikibonyezwa: ikizidi nusu volti, erthi ni chafu. Fanya hivyo hivyo kutoka chanya ya betri hadi waya wenye umeme. Hapo hata volti 1 ni nyingi. Ukikuta 12 kamili na kioo bado kinajikokota, usiguse waya yoyote.

Waya kwenye mpira wa mlango

Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko yote, na teksi ndiyo usiseme. Vuta mpira kutoka kwenye nguzo, uukunje nyuma, na uvute kila waya kidogo kwa vidole. Waya mzima haunyooki. Uliokatika ndani ya ganda lake unanyumbuka kama mpira. Dalili yake ni kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake.

Kuuzungusha na kuufunga tepu hakudumu. Hata solda ikiwekwa palepale kwenye mkunjo, waya unakuwa mgumu na kukatika tena pembeni ya solda. Kata kipande chote kilichochoka, unganisha waya mpya laini wa milimita za mraba 2 hivi, na viungo viwili vikae ndani ya mlango na ndani ya nguzo, mahali pasipokunjika.

Swichi ya dereva

Inakula vumbi, mvua, na soda zinazomwagika. Nyingi hufunguka kwa skrubu chache na vikucha vya plastiki. Fungulia juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu ndani mna chemchemi na vipuli vidogo vinavyoruka. Migusano iliyoungua ina weusi na vishimo. Isafishe kwa msasa laini namba 1000 na dawa ya kusafishia migusano ya umeme, ikauke kabisa, kisha irudishe. Ikiwa shaba imeliwa hadi plastiki imeyeyuka, nunua nyingine.

Usipulizie mafuta ya kulainisha, hata kama swichi ni nzito au inakwaruza. Hili si ushauri wa tahadhari tu. Oktoba 2012 Toyota iliita magari takriban milioni 7.4 duniani yarudi kurekebishwa, Vitz, Corolla na RAV4 zikiwemo, kwa sababu ya grisi isiyosambazwa sawasawa ndani ya swichi ya dereva. Onyo lake lilisema wazi kwamba vilainishi vya dukani vinaweza kuyeyusha swichi na kuleta moshi au moto. Oktoba 2015 ikaita mengine takriban milioni 6.5 kwa tatizo linalofanana. Magari ya aina hizo ndiyo yamejaa barabarani Afrika Mashariki, na kuingia nchini kama mtumba hakumaanishi swichi ilishabadilishwa. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na swichi, ichomoe siku hiyo hiyo.

Umeme unafika, kioo hakiendi

Piga mlango kwa ngumi karibu na mota huku umebonyeza swichi. Kioo kikishtuka na kusogea, kaboni za mota, vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka, zimeisha. Mota inahitaji kubadilishwa au kuwekewa kaboni mpya. Kama kioo kinakufa baada ya kupandisha na kushusha mara nyingi kisha kinafufuka baada ya dakika chache, kinga ya joto ndani ya mota imefanya kazi yake. Uliza kwa nini inapata joto.

Mara nyingi jibu ni mpira wa reli za kioo. Jua na vumbi huukausha, ukakibana kioo. Safisha reli kwa kitambaa chenye maji, zikauke, kisha pulizia silikoni. Mafuta ya injini na grisi ya kawaida yanavimbisha mpira na kukusanya mchanga. Kioo kinachopanda kikiwa kimeinama kinakuambia kishikio kimoja kimeachia. Kwenye Volkswagen kama Golf 4, klipu za plastiki zinazoshika kioo zilijulikana kwa kuvunjika, na kioo kinaangukia ndani ya mlango.

Ukilazimika kutoa mota, shikilia kioo juu kwa tepu iliyopita juu ya fremu, pande zote za kioo. Halafu angalia mashine ya kioo ni ya aina gani. Toyota nyingi zina ya mikono inayopishana, yenye gia bapa na chemchemi nene iliyokazwa. Ukitoa mota bila kuifunga gia hiyo, chemchemi inaachia ghafla na mikono ya chuma inafyatuka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Pitisha boliti kwenye tundu la gia na bamba lake, kaza nati, ndipo ufungue mota. Unapoagiza nyingine taja upande: ya kushoto na ya kulia hazibadilishani.

Jaribu mota kabla ya kufunika mlango, kupanda na kushuka mara tatu hivi, kisha bandika nailoni upya. Gundi ikiwa imekufa, ongeza mpya. Kama betri ilichomolewa na kioo cha dereva hakipandi chenyewe kwa mguso mmoja, au kinapanda na kurudi, hakuna kilichoharibika. Kwenye Toyota nyingi, weka ufunguo ON, shusha kioo hadi nusu, kisha vuta swichi hadi kioo kifunge kabisa na uendelee kuivuta kwa sekunde moja au zaidi. Taa ya swichi iliyokuwa ikimweka itatulia.