Ganda la buti la faiba lenye mkia wa bata kwa gari la paa la turubai

Spoila ya faiba ikibandikwa juu ya buti la bati na kiungo kikafukiwa kwa fila, huhitaji kwenda kwa mganga kujua itapasukia wapi. Faiba ya mkeka (nyuzi za kioo) na rezini ya poliesta hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya chuma. Chukua buti la upana wa mita 1.2 lililokuwa nyuzi 25 alfajiri, kisha gari likaegeshwa juani Posta, Dar es Salaam, mpaka saa nane mchana na bati likafika nyuzi 70, joto ambalo rangi nyeusi hulifikia bila shida. Tofauti ya kutanuka kati ya faiba na chuma inakaribia milimita moja, na fila haina mnyumbuliko wa kuhimili hilo kila siku. Ndiyo maana hapa hatubandiki spoila. Tunatengeneza ganda zima la juu la buti pamoja na mkia wake wa bata, yaani ukingo wa nyuma ulioinuka kama spoila, kipande kimoja cha faiba, halafu tunalibandika kwenye fremu ya chuma ya buti kwa gundi inayonyumbulika. Kiungo kinakaa chini, pasipopigwa rangi ya kuonekana.

Maelezo haya yanafaa magari yenye turubai linalokunjwa nyuma ya viti na buti linalojitegemea, mfano Mazda MX-5, ambayo za zamani kutoka Japani zinaitwa Eunos Roadster. Kama lako ni la paa gumu linaloingia ndani ya buti, kama Daihatsu Copen au Mercedes SLK, achana na kazi hii. Buti la magari hayo hufunguka pia kuelekea nyuma kupisha paa, likisukumwa na mota au hidroliki, na kilo mbili za ziada kwenye ncha zinatosha kuuvuruga mfumo mzima.

Kabla ya kukata chochote

Tafuta buti la pili la gari kama lako kwa wauza vipuri vilivyotumika, Ilala au Gerezani. La kwako libaki garini mpaka siku ya mwisho. La pili litafanya kazi mbili: kwanza litakuwa umbo la kutolea kalibu (moldi ya kufinyangia ganda), baadaye litatoa fremu. Usilipie buti lililonyooshwa kwa fila nene. Pitisha sumaku juu yake, ikilegea mahali, hapo pana fila. Kutu kwenye bati la juu haina neno kwa sababu bati hilo litatupwa, ila fremu ya chini na sehemu za bawaba lazima ziwe nzima. Magari yaliyoishi karibu na bahari, Kigamboni au Masaki, chokonoa mikunjo ya fremu kwa bisibisi kabla ya kutoa hela.

Lifunge kwa muda kwenye gari lako na upime mapengo yake na fenda na bampa, kila baada ya sentimita 20. Gari lisimame kwa matairi yake, upepo sawa, sakafu tambarare. Jeki hapana. Gari lisilo na paa la chuma hujipinda, na ukiliinua kona moja mapengo ya nyuma hubadilika machoni pako. Pima turubai likiwa limefungwa, pima tena likiwa limefunguliwa. Pengo la milimita 4 hadi 5 pande zote ndilo lengo.

Umbo la mkia

Mkia wa bata wa kimo cha milimita 50 hadi 60 unatosha. Ukiupandisha zaidi utaanza kula kioo cha nyuma, ambacho kwenye magari haya ni kidogo tangu kiwandani. Mtu akae kwenye usukani, mwingine ashike kipande cha boksi kwenye buti akipandishe polepole. Taa za gari la nyuma zikianza kupotea kwenye kioo cha ndani, umevuka mpaka. Na tusidanganyane, kwa kilomita 50 kwa saa za mjini mkia huu ni wa sura tu.

Tumia foami ngumu ya poliyurethani, ile ya manjano inayokuwa ndani ya paneli za vyumba vya baridi. Mafundi wa majokofu huwa na vipande wanavyotupa. Ile nyeupe ya punje inayokuja na televisheni haifai: rezini ya poliesta inaiyeyusha mbele yako. Bandika vipande juu ya bati lililokwanguliwa rangi, chora mstari wa katikati kwa uzi, chonga kwa msumeno kisha msasa namba 60 na 80. Kwa ulinganifu, kata kiolezo cha nusu moja kwa plaiwudi nyembamba na ukigeuze upande wa pili. Usiamini jicho, hasa la jioni.

Mambo mawili huamua kama kalibu itatoka salama. Kona zote ziwe na mviringo wa angalau milimita 5, kwa sababu mkeka haukubali kona kali na hewa hubaki chini yake. Na uso wa nyuma wa mkia uwe na mwinamo wa angalau nyuzi 3 kuelekea nje. Ukiinama kuingia ndani hata kidogo, kalibu itajifunga na utaivunja kuitoa. Funika foami kwa tabaka moja la faiba, kisha fila, praima, na msasa wa maji mpaka namba 800. Kila mkwaruzo ulioachwa hapa utauona tena kwenye kalibu na kwenye ganda.

Vifaa

Kwa ganda la takribani mita moja ya mraba, na kalibu yenye ukingo wa sentimita 8 kuzunguka, nunua rezini ya poliesta kilo 12, hadina (MEKP) nusu lita, jelikoti (rezini nzito ya uso wa nje) kilo 2, mkeka wa gramu 300 kwa mita ya mraba, mita 3 za mraba, na wa gramu 450, mita 9, nta ya kalibu, PVA ya kutenganishia lita moja, asetoni lita 5, brashi za kutupa, rola ya chuma ya kutolea hewa, na gundi nyeusi ya poliyurethani inayobandikia vioo vya magari, mirija miwili ya mililita 300 pamoja na praima yake. Watengeneza boti za faiba ndio wa kuwauliza rezini gani iko freshi. Iliyokaa dukani mwaka mzima huanza kuwa nzito kama uji, na hapo hakuna hadina itakayoiokoa.

Hadina ikiruka machoni inaweza kupofusha. Vaa miwani, na maji ya bomba yawe karibu. Kama rezini yako inahitaji kobalti (kichapuzi) ya kuongezwa, koroga kobalti kwenye rezini kwanza mpaka ipotee ndiyo hadina ifuate. Vitu hivyo viwili vikikutana peke yake hulipuka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rezini, tafuta ile yenye chujio za mkaa. Ukifanyia kazi hii uani kwenye nyumba ya kupanga, waarifu majirani kwanza, maana harufu itafika kwao kabla yako.

Kalibu

Paka nta mikono mitano, ukipumzisha saa moja kati ya mkono na mkono, kisha PVA nyembamba kwa sponji au bunduki ya rangi. Jelikoti ipakwe mikono miwili hadi ifike nusu milimita au zaidi kidogo. Ikiwa nyembamba, rezini ya juu huipenya, ikavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na dawa yake ni kuanza upya. Subiri mpaka ukiigusa inanata lakini kidole kinatoka kikavu.

Hali ya hewa ya Dar ndiyo inayoharibu kazi za faiba kuliko mkono mbaya. Kwenye nyuzi 32 za Januari, kipimo cha hadina cha asilimia 2 kilichoandikwa kwenye makopo mengi kitakugandishia rezini ndani ya ndoo. Tumia asilimia 1, yaani mililita 5 za bomba la sindano kwa kila nusu kilo. Usishuke chini ya hapo kutafuta muda. Rezini iliyonyimwa hadina hugeuka mpira na haikomai kamwe. Ukitaka muda, fanya kazi saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, changanya nusu kilo nusu kilo, na mimina kwenye beseni pana badala ya ndoo, kwa sababu rezini iliyorundikana hujipasha yenyewe. Jaribu kwanza gramu 100 na uhesabu dakika zake. Masika unyevu huingia kwenye mkeka na kuacha weupe usiotoka hata ukikandamiza vipi. Anika mkeka juani saa moja kabla, uingize ndani ukiwa bado mkavu.

Tabaka la kwanza liwe la gramu 300, peke yake, na uhakikishe hakuna kiputo kwenye kona za mkia. Likishika, fuata na manne ya gramu 450, mawili kwa siku. Yote matano kwa mpigo yatazalisha joto la kupinda kalibu. Rezini iwe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Kingo za mkeka zichane kwa mkono, usizikate kwa mkasi, ili maungio yasiache ngazi. Kabla ya kuitoa, funga mbavu za mabomba mraba au plaiwudi mgongoni mwake, ndipo uisubirie siku tatu. Itoe kwa kabari za plastiki na maji yakipitishwa pembeni. PVA huyeyuka kwa maji.

Ganda lenyewe

Utaratibu ni uleule: nta, PVA, jelikoti, mkeka wa 300 mmoja na wa 450 miwili. Unene utakuwa kama milimita 3 na nusu. Ncha ya mkia ijazwe kwanza kwa ujiuji wa rezini na nyuzi fupi zilizokatwakatwa, kisha ongeza tabaka la tatu la 450 kwenye mkia wote. Watu hufunga buti kwa kusukuma spoila, hata ukiwakataza. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya mkia ili maji yasikae ndani. Nafasi ya taa ya tatu ya breki ibaki pale pale ilipokuwa.

Usitegemee wepesi. Bati la milimita 0.7 lina kilo 5.5 kwa mita ya mraba. Ganda hili lina kama kilo 4.6, na mkia unarudisha sehemu kubwa ya tofauti hiyo, tena mwishoni mwa buti ambako uzito husikika zaidi. Ndiyo sababu buti lililokuwa likisimama lenyewe linaweza kuanza kudondoka kichwani. Inua ukingo wa nyuma kwa mizani ya kuning'iniza kabla na baada. Tofauti ikizidi nusu kilo, springi za bawaba zitahitaji kurekebishwa.

Kufunga kwenye fremu

Saga ukingo wa buti la pili kwa grinda mpaka mkunjo wa bati la juu uachie, toboa nukta za weldi, kata mabonge ya gundi ya kiwandani kwa waya, kisha ng'oa bati. Fremu iliyobaki ni laini, inapinda kwa mkono. Usiibandikie mezani. Ifunge kwenye gari kwa bawaba zake na kitasa chake, ifungwe kabisa, mwili wa gari uwe ndio kipimo. Ila jaribu kwanza kama kitasa kinafunguka kwa ufunguo au waya, maana gundi ikishakauka hakuna mlango mwingine.

Hapa ndipo wengi hupotelea. Ganda na gundi vina unene wa milimita 6 na zaidi, bati la zamani lilikuwa chini ya moja. Ukibandika hivi hivi, buti litakaa juu ya fenda milimita 5 nzima. Kwa hiyo ukingo wa nje wa fremu upigwe chini kwa nyundo na chuma cha kukingia, milimita 6, bila kugusa sehemu inayokalia mpira wa buti. Ukingo ukishuka, uondolee kutu na upige praima ya epoksi.

Kwangua sehemu za kubandika za ganda kwa msasa namba 80, futa kwa asetoni, paka praima ya gundi pande zote mbili. Weka vipande vya mpira vya milimita 3 kila sentimita 30 ili gundi isikamuliwe ikaisha, kisha mkanda wa gundi wa kimo cha milimita 12 kuzunguka ukingo wote. Kwenye mbavu za katikati weka mabonge machache yanayogusa tu. Yakikaza, alama zake zitaonekana juu siku ya jua kali. Shusha ganda, panga mapengo kwa vipande vya plaiwudi vya milimita 5, laza rula ndefu kutoka fenda hadi fenda kuona usawa, na ushikilie kwa masking tepu. Mizigo mizito haitakiwi, inapinda ganda. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kitu ambacho Dar hatuna uhaba nacho, lakini siku tatu usiifungue.

Rangi isubiri. Acha buti juani wiki mbili, faiba imalize kukomaa na kusinyaa; ukikimbilia rangi wiki ya kwanza, mchoro wa mkeka utajitokeza chini ya klia (vanishi ya juu ya rangi). Baada ya hapo osha PVA kwa maji, futa nta, msasa namba 320, praima ya epoksi, na rangi kama kawaida. Mwagia maji ya bomba kwa dakika kumi na mtu akiwa amelaza taa ndani ya buti kuangalia mpira, kisha weka kalibu mahali pakavu, imelala kwa mbavu zake. Kwa bodaboda za foleni ya Ubungo, utaihitaji tena.